Mkwe, Mjukuu na Maji Yasiyopwa: Uhasama wa Baba na Mwana katika Visa vya Kuasisiwa kwa Kilwa

Ikisiri

Uhakiki wa saikolojia changanuzi umezoea kuona, katika filamu za kutisha zinazowafungia watu wachache mahali pa upweke, mgogoro wa mwana anayeitaka nafasi ya baba. Makala haya yanaupeleka usomaji huo Kilwa Kisiwani. Kisa cha kuuzwa kwa kisiwa hicho kina viungo vyote vya filamu hizo: kisiwa, mzee mwenye mali, mgeni anayeitamani, na maji yanayofunga njia. Hoja yetu ni kwamba masimulizi hayo, hasa yale ya Kiswahili, yanamweka mkwe mahali pa mwana na mjukuu mahali pa mrithi, na kwamba mpangilio huo unamficha mtu mmoja ambaye msomaji wa pwani ya Lindi angetarajia kumkuta, yaani mpwa.

Taa moja, watu wawili

Filamu ya The Lighthouse, iliyoongozwa na Robert Eggers na kutolewa mwaka 2019, ina wahusika wawili tu wenye uzito. Thomas Wake ni mlinzi mzee wa mnara wa taa katika kisiwa cha mawe nje ya pwani ya New England, mwishoni mwa karne ya 19. Kijana aliyepelekwa kumsaidia anajiita Ephraim Winslow. Baadaye tunaambiwa kwamba jina hilo si lake, na kwamba naye ni Thomas, Thomas Howard. Mzee ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha taa. Kijana anabeba makaa, anasugua sakafu, anamwaga ndoo za choo, na usiku anatazama juu kwenye mwanga asioruhusiwa kuukaribia. Dhoruba inaizuia meli iliyotakiwa kuwachukua. Pombe inaanza, na baada ya hapo mtazamaji hana tena hakika ni nani kati yao aliyepotewa na akili. Mwishowe kijana anamuua mzee, anapanda ngazi, anaifikia taa, na taa hiyo hiyo inamwangusha.

Si lazima mtu awe mfuasi wa Sigmund Freud ili aone kinachotendeka hapo. Freud alidai kwamba mtoto wa kiume humpenda baba yake na papo hapo humwonea wivu. Hutaka kukalia kiti chake na huogopa adhabu atakayopewa kwa kutaka hivyo. Tamaa hiyo, kwa kuwa haivumiliki, husukumwa chini hadi kwenye ung'amuzibwete, na huko haifi. Changamano la Oedipus, kama alivyoliita, lina upande wa pili unaosahauliwa mara nyingi. Katika ngano ya Kigiriki aliyeanza ukatili ni baba: Laius alimtupa mwanawe mchanga porini kabla mtoto huyo hajajua lolote. Filamu ya Stanley Kubrick, The Shining (1980), inaufuata upande huo. Ndani ya hoteli iliyofungwa na theluji, Jack Torrance ndiye anayemwinda mwanawe Danny kwa shoka.

Linalotuhusu zaidi ni kazi ya upweke katika filamu hizi. Kisiwa na theluji si mandhari ya kutia hofu tu. Vinaondoa watu wa tatu. Katika The Lighthouse hakuna mama, hakuna mjomba, hakuna wazee wa kuamua shauri, hakuna jirani wa kukimbilia. Mwanamke aliyepo ni nguva, na hata huyo hatujui kama yupo kweli au ni kinyago na ndoto. Watu wawili wanabaki na kitu kimoja kisichogawanyika. Uhasama ambao katika jamii pana ungepunguzwa na wengi unakosa pa kupumulia.

Kitovu cha Liyongo

Msomaji anaweza kuuliza kama fasihi ya Kiswahili ina uhasama wa namna hii, au kama tunaulazimisha. Jibu la haraka linatoka upande wa kaskazini wa pwani, kwa Fumo Liyongo. Kisa chake kilichapishwa kwa nathari na Edward Steere mwaka 1870, na utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu ni wa mwaka 1913. Mwana wa Liyongo anashawishiwa na mtawala wa Pate, ambaye anamwahidi cheo na ndoa. Anamwendea baba yake na kumuuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua. Liyongo anahisi hila, lakini anajibu: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mwana anamchoma usingizini. Baba anaamka, anachukua uta, anakwenda kupiga goti kisimani, na anafia hapo akiwa ameelekeza mshale. Wanawake wanaokuja kuteka maji wanakimbia. Mji mzima unakaa na kiu kwa hofu ya maiti.

Mwaka huo wa 1913 ndio Freud alipochapisha Totem und Tabu, kitabu kinachodai kwamba baba aliyeuawa na wanawe huwa na nguvu zaidi akiwa mfu kuliko alipokuwa hai. Sidhani kwamba kuna uhusiano wowote kati ya maandishi hayo mawili zaidi ya tarehe. Hata hivyo, taswira ya maiti inayolinda kisima inalieleza wazo hilo kwa uwazi kuliko kurasa nyingi za Freud mwenyewe. Nalo jeraha la kitovuni linastahili kuangaliwa. Kitovu ni kovu la kutoka kwa mama. Mwana anampiga baba mahali ambapo baba naye alikuwa mtoto wa mtu.

Kwa Liyongo, basi, nadharia haina kazi ngumu. Kwa Kilwa ina kazi, kwa sababu huko hakuna mwana anayemuua baba, na uhasama umevaa nguo nyingine.

Kisiwa kinauzwa

Kuna masimulizi makuu mawili ya jinsi Kilwa Kisiwani ilivyopata watawala wake wa Kishirazi, mbali na toleo la Mreno João de Barros lililochapishwa mwaka 1552. La kwanza limo katika tarikhi ya Kiarabu iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 16. Nakala yake ya mwaka 1877 ilifika Uingereza kupitia kwa John Kirk, na Arthur Strong akaichapisha mwaka 1895. La pili ni la Kiswahili, lililochapishwa na Carl Velten mwaka 1907 na baadaye kufasiriwa na Freeman-Grenville. Tofauti kati ya haya mawili ndiyo kiini cha makala haya.

Tarikhi ya Kiarabu inaanza na baba anayeota. Mtawala wa Shirazi anaona ndotoni panya mwenye pua ya chuma akitoboa ukuta wa mji, anatambua kwamba nchi yake itaharibika, na anaondoka na wanawe sita katika majahazi saba. Kila jahazi linatia nanga mahali pake. Ndugu wa Freud wanaungana ili kumuua baba na kisha wanahangaika namna ya kuishi pamoja. Ndugu hawa wa Shirazi wanagawanywa na bahari kabla ugomvi haujaanza. Kwa Barros habari ni kali zaidi, kwani Ali alidharauliwa na nduguze kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Anayefika Kilwa, kwa toleo hilo, ni kijana aliyekosa nafasi katika nyumba ya baba yake.

Anapofika anakuta kisiwa ambacho maji yakipwa huunganika na bara, mtu akaweza kuvuka kwa miguu. Mwenye kisiwa hayupo. Amekwenda kuwinda upande wa bara, Muli. Mgeni anapokewa na Mwislamu mmoja mwenyeji, Muriri wa Bari, ambaye anakuwa mkalimani wake. Mwenye kisiwa anaporudi anakubali kuuza kwa sharti kwamba kisiwa kizungushiwe nguo za rangi. Nguo zinazungushwa, nyeupe, nyeusi na za kila rangi. Anazichukua na kuhamia bara, huku moyoni amekusudia kurudi na askari. Muriri anamtahadharisha mnunuzi. Wageni wanachimba ule mlango ambao watu walikuwa wakiuvuka, bahari inaingia na haitoki tena. Siku kadhaa baadaye mzee anafika pwani, mahali alipozoea kuvukia. Anaona maji yamejaa. Anangoja yapwe, kama yalivyopwa siku zote za maisha yake. Hayapwi. Anarudi kwao akiwa na majuto.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, palipo na hofu ya kweli katika kisa hiki, hofu ambayo mtengenezaji wa filamu angeitambua mara moja. Katika insha yake ya mwaka 1919 Freud alieleza kwamba kinachotutisha kuliko vyote ni kile tulichokizoea nyumbani kinapogeuka kikawa kigeni. Watu wa pwani hupanga maisha kwa maji kujaa na kupwa. Wanajua siku za bamvua na siku za maji mafu kama wanavyojua siku za juma. Bahari isiyopwa ni nyumba isiyo na mlango. Na aliyefungiwa nje ndiye mwenye nyumba.

(Mlango wa bahari kati ya Kisiwani na Kilwa Masoko una kina cha kupitisha meli, na hakuna majembe yaliyouchimba. Wanaotaka historia ya majengo na sarafu watamsoma Neville Chittick, ambaye uchimbaji wake ulimfanya aisogeze nasaba ya Kishirazi mbele hadi karne ya 12. Sisi tunasoma usimulizi.)

Mtu wa tatu anaingia

Toleo la Kiswahili linampa mzee jina. Anaitwa Mrimba, naye ni wa kabila la Wamachinga, jina ambalo wasomaji wengi wa leo wanalijua kupitia wachuuzi wa mitaani kuliko kupitia nchi ya Lindi. Mgeni ni Sultani Ali bin Selimani. Anaomba mahali pa kukaa, anatoa zawadi, kisha anamwoa binti wa Mrimba. Muriri, mkalimani wa toleo la Kiarabu, hayumo. Nafasi yake imechukuliwa na binti. Mume anampa ujumbe kwa baba yake: haifai sisi wawili kukaa mahali pamoja, heri yeye ahamie bara. Binti anapeleka. Baba anajibu kupitia kwa binti huyo huyo: nitahama, akinitandikia nguo nipite juu yake hadi bara. Nguo zinatandikwa, na Sultani anapata jina la Nguo Nyingi. Mrimba anajuta, anapanga kurudi wakati wa maji kupwa, lakini mkwewe anasomesha Kurani na kutoa kafara, na maji hayapungui.

Tukilinganisha, tunaona kwamba jembe limekuwa dua, na biashara imekuwa ndoa. Badiliko la pili ndilo zito. Mnunuzi hana deni kwa muuzaji baada ya kulipa. Mkwe analo, siku zote.

Kiswahili chenyewe kinasaidia hapa. Neno *mkwe* hutumiwa pande zote mbili: baba wa mke ni mkwe wa mume, na mume ni mkwe wa baba wa mke. Lugha haioneshi ni nani mkubwa. *Baba* na *mwana* haviwezi kubadilishana nafasi namna hiyo. Ukitaja kimoja umeshasema nani yuko juu. Adabu inayowatenga wakwe, ya kutokula pamoja kwa uhuru, kutotaniana, kupisha njia, ni dalili kwamba jamii imekwisha kuutambua uhasama uliomo na imeuwekea uzio. Sultani anaposema kwamba hawawezi kukaa mahali pamoja, anasema jambo ambalo msikilizaji wa Kilwa angelikubali kama adabu, hata kama anajua kwamba ni unyang'anyi. Kisa kinahamisha tamaa ya mwana dhidi ya baba hadi kwa watu wawili ambao heshima yao tayari inawataka waachane. Hakuna damu inayomwagika. Kuna mzee anayetembea juu ya nguo kuelekea uhamishoni, kwa heshima zote.

Je, mpwa yuko wapi?

Hata hivyo, usomaji huu haujafika chini. Tunajua tangu mabishano ya miaka ya 1920 kati ya Bronisław Malinowski na Ernest Jones kwamba changamano la Oedipus halihami kirahisi kutoka Vienna. Malinowski alidai, kwa ushahidi wa visiwa vya Trobriand, kwamba pale ambapo ukoo na urithi hufuata upande wa mama, kijana humchukia mjomba wake, mwenye mamlaka juu yake, na baba hubaki rafiki. Jones alijibu kwamba mjomba ni pazia tu lililowekwa mbele ya baba. Kwa nchi iliyo nyuma ya pwani ya Lindi swali hili si la maktabani. Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao wote walihesabu ukoo kwa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mjomba wake. Cheo kilitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa.

Kwa hesabu hiyo mrithi wa Mrimba alipaswa kuwa mwana wa dada yake. Binti yake hana cha kumpa mume kwa upande huo, na mtoto wa binti ni wa ukoo wa mke wa Mrimba, si wa Mrimba mwenyewe. Lakini kisa kinaendelea hivi: binti anazaa mwana, Mohamed bin Sultani Ali, anakua, anakwenda bara kumtembelea babu yake, na babu, akiwa amezeeka, anamkabidhi mamlaka yake. Mpwa hatajwi. Hakuna dada wa Mrimba, hakuna mwana wa dada, hakuna mzee wa ukoo anayenung'unika.

Thomas Spear, katika makala yake ya mwaka 1984 kuhusu Washirazi, alizisoma hadithi za aina hii kama maelezo ya uhusiano wa wenyeji na wageni, na sioni sababu ya kumpinga. Lakini maelezo hayo hayatuambii kwa nini kisa kiliona haja ya mjukuu. Ushindi ulikuwa umekwisha kupatikana: maji yamejaa, mzee amekata tamaa. Tarikhi ya Kiarabu, iliyoandikwa kwa macho ya jumba la kifalme, inamwacha Mrimba wake asiye na jina akiwa pwani na majuto yake, na inaendelea na orodha ya masultani. Toleo la Kiswahili halikuweza kumwacha hapo. Wasimulizi wake waliishi na watu wa bara, walioana nao, walifanya biashara nao; Mrimba kwao alikuwa babu wa mtu. Basi wakamtafutia mrithi ambaye angeweza kumridhia, na kwa kufanya hivyo walimwondoa yule aliyestahili.

Uchaguzi wa mjukuu una akili yake. Kati ya babu na mjukuu kuna utani. Babu humwita mjukuu wa kike mke wake na wa kiume mshindani wake, na watu hucheka. Yale ambayo baba na mwana hawawezi kuyatamka, babu na mjukuu huyatamka mchana kama mzaha. Freud aliandika kitabu kizima juu ya mizaha (1905) akidai kwamba ndiyo njia ambayo tamaa iliyobanwa hupitia bila kukamatwa na mlinzi. Mrimba aliyekataa kumwachia mkwe kisiwa, na aliyekuwa tayari kumpiga vita, anamwachia mtoto wa mkwe huyo huyo bara yote bila kudai hata kipande cha nguo. Angempa mwana, angekuwa ameshindwa. Anapompa mjukuu, ni zawadi.

Nani basi aliyebanwa? Si baba: Sultani Ali yuko wazi, na tamaa yake inajulikana na kila mtu. Anayekosekana ni mpwa, na pamoja naye mjomba kama cheo. Ningekwenda hatua moja mbele zaidi ya Malinowski na kusema kwamba kisa cha Kilwa kimetumia mpango wa baba na mwana, ule wa sheria ya Kiislamu na wa majina yenye *bin*, kuwa pazia la ugomvi mwingine uliokuwa na uzito zaidi kwa pwani hiyo. Ni kinyume kabisa cha alivyodhani Jones.

Dalili ziko katika lugha. Kamusi za zamani zinaonesha kwamba *mjomba* liliweza kutumiwa kwa kaka wa mama na pia kwa mtoto wa dada, kama lilivyo *mkwe*. Na upande wa kaskazini Wamijikenda huwaita Waswahili Adzomba, neno lenye asili moja na wajomba. Mtu wa bara anapomwita mtu wa pwani mjomba, anataja deni: wewe ni kaka wa mama yetu, basi una wajibu juu yetu. Kisa cha Kilwa kinaugeuza uhusiano huo. Ndani yake watu wa pwani ni watoto wa binti wa bara, wajukuu, na mjukuu hadaiwi.

Tukirudi kwa Eggers, tofauti inaonekana bila kuitafuta. Kisiwa chake kimefungwa tangu mwanzo na hakuna anayeingia kati, kwa hiyo ufunguo wa taa hauwezi kupita mikononi mwa mtu yeyote isipokuwa kwa mauaji. Kilwa, kisiwa kinaanza kikiwa wazi. Upweke unatengenezwa, kwa jembe au kwa dua, baada ya mali kubadilisha mikono, nao unamlinda mshindi asije akalazimika kuua au kuuawa. Gharama yake inalipwa na wale walio ng'ambo. Mwanamke aliyebeba maneno ya mume kwa baba na ya baba kwa mume anabaki upande wa mume, maji yakiwa kati yake na kwao, na masimulizi hayatuachii jina lake, ingawa binti mwingine wa Sultani, Fatima, anatajwa kwa jina tangu jahazi linapofika.

Mwanawe ndiye anayevuka. Anakwenda akiwa mtu mzima, anakaa na babu, anapokea bara, na tangu hapo anatawala pande zote mbili za mlango ule. Jina lake linaendelea kuwa Mohamed bin Sultani Ali. Katika mnyororo huo wa *bin*, unaorudi nyuma hadi Shirazi, Mrimba hana mahali pa kuandikwa.